Kanuni za maadili katika kampuni za ujenzi: njia nne, na jinsi ya kuchagua inayokufaa

Msimamizi wa kampuni ya ujenzi anayetakiwa na mteja, benki au mamlaka ya zabuni aonyeshe kanuni za maadili za kampuni yake hukuta mbele yake njia zaidi ya moja. Anaweza kuandika hati ya kampuni yenyewe. Anaweza kujifunga kwa kanuni za chama cha wakandarasi au cha wanataaluma. Anaweza kutafuta cheti cha mfumo wa kupambana na rushwa kinachotolewa baada ya ukaguzi wa mtu wa nje. Na pale mteja anapokubali, anaweza kutia saini mkataba wa uadilifu unaohusu mradi mmoja tu. Njia zote nne huwekwa chini ya jina moja la "maadili", na kwa sababu hiyo huchanganywa, ilhali kila moja ina kazi yake na hushindwa kwa namna yake.

Swali la iwapo kanuni za namna hii zina faida yoyote limechunguzwa kwa muda mrefu, na majibu yake hayamfurahishi sana mtu anayetaka ndiyo au hapana. Mwaka 2008 watafiti Muel Kaptein na Mark Schwartz walipitia tafiti 79 zilizohusu kanuni za kampuni katika sekta mbalimbali. Asilimia 35 ya tafiti hizo zilionyesha kwamba kanuni hufanya kazi, asilimia 16 zilionyesha uhusiano hafifu, asilimia 33 hazikuona uhusiano wa maana, asilimia 14 zilitoa matokeo mchanganyiko, na utafiti mmoja ulifikia uamuzi kwamba kanuni zinaweza hata kuleta madhara. Uchambuzi mwingine mkubwa wa mwaka 2010, uliojumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu chanzo cha mwenendo mbaya kazini, uliongeza jambo moja la kuzingatia: mara sababu nyingine zilipohesabiwa, kuwepo kwa kanuni peke yake hakukuonyesha athari, lakini kusimamiwa kwake kulionyesha. Anayechagua, basi, ana sababu ya kuangalia usimamizi unaokuja pamoja na kila njia kabla hajasoma maneno mazuri yaliyoandikwa ndani yake.

Vigezo vya kulinganishia

Ujenzi una tabia ambazo kiwanda au benki haina, na vigezo vinapaswa kutoka kwenye tabia hizo. Ya kwanza ni kwamba kosa huzikwa. Nondo zilizopunguzwa idadi, saruji iliyozidishiwa mchanga na kifusi ambacho hakikushindiliwa huonekana kwa saa chache tu, na zege likishamwagwa hakuna anayeviona tena mpaka ukuta uanze kupasuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Hong Kong iligundulika kwamba nguzo za ardhini zilizobeba majengo mawili ya makazi ya Yu Chui Court, Sha Tin, zilikuwa fupi kuliko zilivyotakiwa, na majengo hayo yakabomolewa kabla mtu yeyote hajahamia. Ukaguzi wa hesabu wa mwisho wa mwaka haungeweza kuziona nguzo hizo, kwa kuwa katika vitabu zilikuwa na urefu kamili.

Tabia ya pili ni mnyororo. Jina lililo kwenye ubao wa mradi ni la mkandarasi mkuu, lakini wanaofunga nondo huenda wameajiriwa na mkandarasi mdogo, aliyepewa kazi na mkandarasi mdogo mwingine, ambaye naye huwachukua vibarua kwa siku kupitia nyapara. Tabia ya tatu ni umuda: kikosi kikikamilisha kazi hutawanyika, na anayejua kilichofanyika chini ya sakafu tayari yuko kwenye mradi mwingine akimtegemea mtu yuleyule ampe kazi tena.

Kutokana na hayo, kila njia hapa chini inapimwa kwa vigezo vinne. *Ufikaji* unauliza kanuni zinamfunga nani hasa katika mnyororo huo, na zinafika umbali gani kutoka ofisini. *Ugunduzi* unauliza nani yuko pale kosa linapotendeka, na je, akisema leo, kesho atakuwa na kazi? Kigezo hiki kina uzito kuliko vingine. Ripoti ya mwaka 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, ilionyesha kwamba asilimia 43 ya kesi za udanganyifu kazini ilizozichambua ziligunduliwa kwa sababu mtu alidokeza, na zaidi ya nusu ya madokezo hayo yalitoka kwa wafanyakazi. Sekta ya ujenzi, hata hivyo, ina kumbukumbu mbaya ya namna inavyowatendea wanaodokeza: mwaka 2009 nchini Uingereza ilifichuliwa orodha ya siri yenye majina ya watu 3,213, iliyotumiwa na kampuni zaidi ya 40 za ujenzi kuamua nani asiajiriwe, na wako walioingizwa humo kwa sababu tu walilalamikia usalama kazini. Kigezo cha tatu, *matokeo*, kinauliza nini humpata anayevunja kanuni na nani anayeamua. Cha nne ni *gharama*, pamoja na muda na usumbufu ambao hauandikwi kwenye ankara.

Njia ya kwanza: hati ya kampuni yenyewe

Hii ndiyo njia ambayo karibu kila kampuni huanza nayo. Uongozi huandika kurasa kadhaa kuhusu rushwa, zawadi, mgongano wa masilahi, usalama na siri za zabuni, kisha wafanyakazi hutia saini kwamba wameisoma.

*Ufikaji.* Hati huwafunga watu wa kampuni, basi. Mkandarasi mdogo hafungwi na karatasi ambayo si sehemu ya mkataba wake, na kibarua wa siku hata hajui kwamba ipo. Kampuni inayotaka hati yake ishuke chini hulazimika kuiingiza katika kila mkataba mdogo kama sharti, kuifafanua kwa lugha inayozungumzwa kwenye saiti, na kuisema kwa mdomo katika kikao kifupi cha asubuhi pamoja na masuala ya kofia na viatu vya usalama. Namna ya kuandika nayo ina maana kubwa. Sentensi isemayo "wafanyakazi waepuke zawadi zisizofaa" haimsaidii mkadiriaji majenzi aliyealikwa chakula na mtu ambaye hesabu zake anazipima wiki hiyo. Sentensi isemayo "anayepima au kuidhinisha kazi hapokei chochote kutoka kwa aliyeifanya, hata usafiri wa kumpeleka saiti" inamwambia la kufanya. Kwa maoni yangu kurasa nne za matukio halisi ya kazi huzidi kitabu kizima cha tunu na dira. Urefu haujawahi kumwokoa mtu: Enron, ambayo haikuwa kampuni ya ujenzi lakini hutajwa katika kila mjadala wa aina hii, ilikuwa na kanuni za maadili zenye kurasa 64 mwaka 2000, na mwaka uliofuata ikaanguka.

*Ugunduzi.* Udhaifu wake mkubwa uko hapa. Njia ya kutoa taarifa mara nyingi huishia kwa meneja wa mradi, ambaye ndiye anayebanwa na tarehe ya kukabidhi kazi na ndiye anayeweza kuwa amefumba macho. Katika kampuni ndogo njia zote huishia kwa mwenye mali. Ikiwa uozo uko juu, hati ya ndani haina pa kushika kabisa: Odebrecht ya Brazili, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa zaidi za ujenzi katika Amerika ya Kusini, ilikiri mwaka 2016 mbele ya mahakama ya Marekani kwamba ililipa rushwa ya takriban dola milioni 788 katika nchi 12, na malipo hayo yaliendeshwa na idara maalumu ndani ya kampuni. Ambapo rushwa ina idara yake, barua ya malalamiko ya mfanyakazi haina mahali pa kupelekwa.

*Matokeo.* Kampuni ni mlalamikaji, mwendesha mashtaka na hakimu kwa wakati mmoja. Faida ya hali hii ni kasi, kwa kuwa foromani aliyeuza mifuko ya saruji anaweza kuondolewa siku hiyohiyo bila kamati. Hasara yake huonekana pale mkosaji anapokuwa meneja aliyeleta zabuni tatu kubwa mwaka huo, maana ndipo hati hukunjwa na kurudishwa kabatini, na wafanyakazi wote huona.

*Gharama.* Ni njia nafuu kuliko zote, na inaweza kuanza mara moja. Gharama yake ya kweli huja baadaye, kazi inaposimama kwa sababu mtu wa kampuni amekataa kulipa kadhongo ili kibali kitoke.

Hati ya kampuni inamfaa zaidi mkandarasi mdogo au wa kati ambaye mwenyewe hufika saiti, anayewajua watu wake kwa majina, na ambaye mwenendo wake ndio kanuni hata kabla ya karatasi. Inamfaa pia yeyote anayetaka kuchukua njia nyingine yoyote kati ya hizi, kwa sababu zote tatu zinadhani hati hii tayari ipo.

Njia ya pili: kanuni za chama

Hapa kuna matawi mawili. Tawi moja ni la wanataaluma binafsi: wahandisi ujenzi wa Marekani, kupitia chama chao ASCE, walipitisha kanuni zao za kwanza mwaka 1914 na kuziandika upya mwaka 2020, na FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, lina kanuni zake kwa kampuni za ushauri. Tawi la pili ni la wakandarasi kama kampuni, na mfano wake ulio wazi ni mpango wa maadili ulioanzishwa mwaka 1996 na sekta ya ujenzi ya Bavaria, Ujerumani, ambamo kampuni hujiunga, hujenga mfumo wake wa maadili, kisha hukaguliwa.

*Ufikaji.* Kanuni za kitaaluma humfuata mtu popote aendako. Mhandisi akihama kampuni, wajibu wake unahama naye, jambo ambalo hati ya mwajiri haiwezi kulifanya. Lakini humfuata mhandisi na msanifu majengo tu. Nyapara hana chama kitakachomfutia uanachama. Kanuni za chama cha wakandarasi, kwa upande wake, zina uwezo mmoja ambao njia nyingine hazina, nao ni kugusa mazoea ya soko zima.

Uwezo huo unahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu makosa mengi ya zabuni hayatendwi na kampuni moja. Septemba 2009 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizitoza kampuni 103 za ujenzi faini ya jumla ya pauni milioni 129.2, hasa kwa zabuni za kusindikiza: kampuni isiyotaka kazi huomba mshindani aitajie bei ya juu ya kuandika, ili ionekane imeshiriki bila kushinda. Waliofanya hivyo hawakuwa genge la wahalifu lililojificha, yalikuwa mazoea. Uholanzi nayo, mwaka 2001, aliyekuwa mkurugenzi katika kampuni mojawapo alitoa hadharani vitabu vya hesabu vya siri vilivyoonyesha jinsi wakandarasi walivyogawana kazi za umma, bunge likaunda kamati ya uchunguzi, na baada ya hapo sekta ikaanzisha taasisi ya kupima uadilifu wa kampuni wanachama. Katika soko la namna hiyo, kampuni inayoacha peke yake hujiona inafunga duka kwa ajili ya washindani wake. Zikiacha zote kwa pamoja, hasara hiyo huondoka.

*Ugunduzi.* Chama hakipo saiti. Hutegemea malalamiko, na anayelalamika huwa anamlalamikia mwenzake wa taaluma au mshindani ambaye huenda kesho wakashirikiana. Yule mtoa taarifa wa Uholanzi alifikishwa mahakamani yeye mwenyewe na kwa muda akaishi katika karavani. Sekta nzima iliona hilo.

*Matokeo.* Kwa mtaalamu, kufutwa kwenye rejista ni adhabu nzito, kwani ndiko riziki yake ilipo, ila hufanyika tu pale ambapo rejista hiyo ina nguvu ya sheria. Ambapo uanachama ni wa hiari, mtu hujiondoa na kuendelea na kazi. Chama cha wakandarasi kina mashaka mengine: kinaishi kwa ada za hao hao kinaopaswa kuwaadhibu.

*Gharama.* Ada na muda wa ukaguzi, ambavyo kwa kawaida kampuni ya kati hubeba bila taabu.

Inawafaa kampuni za ushauri, ambazo mtaji wao ni saini za wataalamu wao, na wakandarasi walio katika soko lenye mazoea mabaya ya pamoja ambayo hakuna awezaye kuyavunja peke yake.

Njia ya tatu: cheti cha ISO 37001

ISO 37001 ni kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kupambana na rushwa, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuhuishwa mwaka 2025. Hakimwambii mtu awe mwema. Kinamtaka awe na mtu anayewajibika na udhibiti wa rushwa, atathmini hatari zake, achunguze washirika kabla ya kuingia nao mkataba, adhibiti malipo, afungue njia ya kutoa taarifa, na ajikague. Mkaguzi wa nje huja kuthibitisha, na kwa kawaida cheti hudumu miaka mitatu kikifuatiliwa na ukaguzi wa kila mwaka.

*Ufikaji.* Ni mzuri kwa upande mmoja na mwembamba kwa upande mwingine. Uzuri wake ni kwamba mawakala na wakandarasi wadogo huingizwa katika hesabu ya hatari, na wakala wa kutafutia zabuni asiyejulikana anakaa wapi hawezi kulipwa asilimia kumi bila mtu kuuliza. Wembamba wake ni wa aina mbili. Kiwango hiki kinahusu rushwa. Njama za zabuni, udanganyifu wa vipimo na utakatishaji wa fedha havimo ndani yake moja kwa moja, na nondo iliyopunguzwa bila hongo kupita popote haimgusi mkaguzi wake. Pia cheti kinaweza kutolewa kwa tawi au idara moja tu, hivyo anayeonyeshwa cheti asome kwanza kimetolewa kwa nani na kwa shughuli zipi.

*Ugunduzi.* Kiwango kinataka mtoa taarifa alindwe, na mkaguzi huuliza ushahidi wa hilo. Hata hivyo mkaguzi hufika kwa tarehe iliyopangwa na husoma kumbukumbu. Kampuni yenye makarani hodari inaweza kumridhisha bila nyapara hata mmoja kujua namba ya simu ya kutolea taarifa. Mteja mwerevu anayetaka kupima cheti cha mkandarasi angefanya vyema kuwauliza watu watano wa saiti, bila kuwapa taarifa mapema, wangempigia nani.

*Matokeo.* Kupoteza cheti kunaweza kumaanisha kupoteza sifa za kuomba zabuni fulani. Thamani yake nyingine ni ya kisheria. Chini ya sheria ya rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010, kampuni inayoshindwa kuzuia rushwa ya watu wake ina utetezi mmoja, nao ni kuthibitisha kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuizuia. Kampuni ya kwanza kutiwa hatiani mahakamani kwa kosa hilo ilitoka katika sekta ya ujenzi: Sweett Group, washauri wa gharama na miradi, iliamriwa mwaka 2016 kulipa pauni milioni 2.25 kuhusiana na rushwa iliyolipwa ili kupata kazi ya hoteli Abu Dhabi. Cheti hakimkingi mtu na mashtaka, lakini huacha kumbukumbu za tarehe na majina ambazo kampuni isiyo na mfumo haiwezi kuzitunga baada ya polisi kufika.

*Gharama.* Ni kubwa kwa kampuni ndogo: mtu wa kusimamia, mafunzo, mkaguzi, na karatasi zinazomchosha kila meneja wa manunuzi. Kuandaa mfumo kutoka mwanzo ni kazi ya miezi, na anayehitaji kitu cha kuambatisha kwenye zabuni ya mwezi ujao amechelewa.

Inamfaa mkandarasi wa kati au mkubwa anayefanya kazi nje ya nchi yake, anayetumia mawakala, au anayeshindania kazi ambazo mteja ameweka cheti hicho kama sharti.

Njia ya nne: mkataba wa uadilifu wa mradi

Mkataba wa uadilifu uliasisiwa na Transparency International, shirika la kimataifa linalopambana na rushwa, katika miaka ya 1990. Mteja na wazabuni wote hutia saini ahadi moja kwamba hakuna atakayetoa, kudai wala kupokea rushwa wala kula njama, na msimamizi huru hufuatilia zabuni na, inapokubaliwa, utekelezaji pia. Umoja wa Ulaya uliujaribu katika miradi 18 ya nchi 11, mpango uliokamilika mwaka 2021.

*Ufikaji.* Tofauti na njia zote tatu zilizotangulia, mkataba huu unamfunga mteja pia, na pasipo hilo mkandarasi aliyetia saini ahadi nzuri bado hukutana na ofisa anayeshikilia hati yake ya malipo mpaka "akumbukwe". Kwa wakandarasi wadogo hufika tu ikiwa sharti la kuushusha limeandikwa waziwazi.

*Ugunduzi.* Kuna jicho la mtu wa tatu, asiyelipwa na mkandarasi na asiyehitaji kazi yake inayofuata. Ikiwa msimamizi huyo ana mhandisi katika kikosi chake na ana ruhusa ya kuingia saiti bila kuomba, hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayoweza kumfikisha mtu wa nje pembeni ya shimo kabla zege halijamwagwa. Ikiwa ni mwanasheria anayesoma kumbukumbu za kamati ya zabuni, ataona mwanzo wa mradi tu, wakati fedha nyingi huvuja baadaye, kwenye mabadiliko ya kazi na madai ya nyongeza.

*Matokeo.* Ni ya kimkataba: kunyang'anywa kazi, kulipa fidia, kufungiwa zabuni zijazo za mteja huyo. Hayahitaji kusubiri mahakama ya jinai, na ndiyo nguvu yake. Asitarajie mtu, hata hivyo, kwamba mkataba utaponya mradi mbovu. Uwanja mpya wa ndege wa Berlin ulikuwa na mkataba wa uadilifu tangu mwaka 2005. Ulifunguliwa 2020 badala ya 2011, na mwaka 2016 mahakama ilimhukumu aliyekuwa mmoja wa mameneja wa mradi huo kwa kupokea rushwa kutoka kwa mkandarasi.

*Gharama.* Kwa kawaida hubebwa na mteja au mfadhili, na kwa mkandarasi ni ndogo. Mradi ukikamilika mkataba nao hufa, na kampuni inaingia mradi unaofuata na mazoea yake yaleyale isipokuwa kama imeamua kubaki na kitu.

Inamfaa mteja wa umma mwenye mradi mkubwa, na mkandarasi anayetaka kuingia katika soko ambalo amekuwa akishindwa na wanaocheza chini ya meza.

Pengo linalobaki

Ukizisoma njia hizi kwa pamoja utakuta zote zinazungumza sana kuhusu rushwa na kidogo mno kuhusu kuwalipa watu haki yao kwa wakati. Mkandarasi mdogo ambaye hati yake ya malipo imekaa mezani siku tisini, huku vibarua wake wakidai ujira wa juma, hana nafasi ya kufikiri kuhusu tunu. Atalipa ili saini itoke, au atapunguza saruji ili fedha iliyobaki itoshe. Kampuni kubwa inayowafunga wakandarasi wadogo kwa kanuni zake, kisha ikawalipa pale tu nayo itakapolipwa, imetengeneza yenyewe mazingira ya kosa ambalo imelikataza. Mimi ningelipima jambo hili kabla ya kusoma ukurasa wowote wa maadili: kampuni huchukua siku ngapi kuwalipa walio chini yake, na ni nani anayeweza kuchelewesha malipo hayo bila kueleza sababu.

Kuchagua kwa kuangalia hali yako

Ikiwa una watu wasiozidi thelathini na kazi zako ni za wateja binafsi, anza na hati fupi ya kampuni yenye matukio halisi, iweke kama sharti katika mikataba midogo, na mtafute mtu wa nje, kwa mfano mhasibu au wakili wa kampuni, awe mpokeaji wa taarifa badala yako. Cheti cha kimataifa kwa sasa kitakula fedha ambazo zingelipa mtu wa kusimamia ubora.

Ikiwa wewe ni mkandarasi wa kati unayeanza kuomba kazi za umma, tazama kwanza soko lako lina ugonjwa gani. Ambapo tatizo ni wazabuni kugawana kazi, kanuni za chama zenye ukaguzi zina nafasi zaidi kuliko cheti cha kupambana na rushwa, kwa kuwa ISO 37001 haikulenga njama hizo. Ambapo tatizo ni maofisa kudai rushwa, tafuta miradi yenye mkataba wa uadilifu, au mshawishi mteja auweke, kwa sababu kanuni za upande wako pekee hazitamzuia anayedai.

Ikiwa unafanya kazi zinazofadhiliwa na benki za maendeleo, kumbuka kwamba tangu mwaka 2010 benki tano, ikiwemo Benki ya Dunia, zina makubaliano ya kutambua adhabu za kila mmoja, hivyo anayefungiwa na moja kwa zaidi ya mwaka anaweza kufungiwa na zote. SNC-Lavalin ya Kanada ilifungiwa na Benki ya Dunia mwaka 2013, pamoja na kampuni zake tanzu, kwa kipindi cha miaka kumi, kutokana na mradi wa daraja la Padma nchini Bangladesh. Kwa kampuni ya namna hii mfumo kamili una thamani hata bila cheti, na kwa anayetaka kuondolewa adhabu, kuujenga mfumo huo na kuonyesha unavyofanya kazi kwa kawaida ni sharti.

Ikiwa kampuni yako imetoka katika kashfa, usianze na hati mpya. Wafanyakazi wameshaiona ya zamani ikivunjwa na wakubwa, na karatasi nyingine itawachekesha. Mkaguzi wa nje anayeripoti kwa bodi, na adhabu moja iliyotolewa kwa mtu mwenye cheo, vitangulie, kisha hati ifuate.

Na ikiwa wewe ndiye mteja, unayelipa na utakayebaki na jengo wengine wakishaondoka, unaweza kudai njia zaidi ya moja kwa pamoja: cheti au uanachama wakati wa kuchuja wazabuni, mkataba wa uadilifu wakati wa zabuni, na ndani ya mkataba wa kazi wenyewe kifungu kinachompa msimamizi huru haki ya kusimamisha umwagaji wa zege mpaka nondo zihesabiwe, pamoja na kingine kinachoweka siku za mwisho za kumlipa kila mkandarasi mdogo.